Sabufa ya kijana na gari la familia

Taa za mbele zinafifia kila besi inapodunda. Kijana akiegesha hivyo kando ya barabara ya Morogoro–Dodoma, hapo Dakawa, wenzake humsifu. Mzazi ajue kwamba gari linalalamika. Ndilo linalobeba mpunga mchana, na ndilo la kukimbilia hospitali Morogoro mjini mtoto akishikwa na homa usiku.

Hesabu yake si ngumu. Ampulifaya inayovuta wati 1,200 kwenye umeme wa volti 12 inataka ampea 100. Oltaneta ya gari dogo mara nyingi haifiki hapo, na taa na feni nazo zinakula humohumo. Pengo hilo hulipwa na betri. Kufunga betri ya pili bila kukuza oltaneta ni kuongeza mdomo wa kulisha.

Fundi aanze kwa kupima: injini ikiunguruma na muziki ukiwa juu, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikishuka chini ya 13, apunguze sauti au abadili oltaneta. Waya uwe mnene, wa shaba. Fyuzi ikae jirani kabisa na betri, si chini ya kiti kama wengi wanavyofunga, kwa sababu waya ukichunika kabla ya kuifikia, hakuna cha kuzuia moto.