Mawe ya lupango: tutengeneze sasa, mbele ya mvua

Mwezi wa tisa uko unaisha. Ndugu wafanyakazi ya mine, na ninyi wamama wenye kushika nyumba, tuangalie lupango wakati udongo ungali mkavu. Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, Lubumbashi inapokea karibu maji yote ya mwaka, zaidi ya mita moja. Ule udongo mwekundu ukilowana, viatu vinabaki ndani, na ukuta wa matofali mabichi unalika toka chini.

Wengi wanangojea mvua ya kwanza ndiyo wanatafuta fundi. Wakati ule kamio ya mchanga inakwama njiani. Tena pave ya simenti unayofinyanga mwenyewe inataka kumwagiliwa maji siku 7, na inapata nguvu yake kisha siku 28. Hesabu mwenyewe kama muda ungaliko.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Chimba sentimita 20. Mwaga changarawe sentimita 10, ipondeponde mpaka kisigino kisiingie. Juu yake mchanga sentimita 4, kisha pave ya unene wa 6 (ile ya 4 ni ya kupendeza macho tu, pikipiki ikipita inapasuka). Meta kibe moja ya mchanga inatosha karibu meta kare 25. Pave za 10 kwa 20 zinaingia 50 mu meta kare moja: njia ya mita 8 toka mlangoni mpaka barabarani, upana mita 1, ni pave 400. Ongeza chache za kuvunjika. Pembeni funga na mawe makubwa mu simenti, bila hivyo zote zitatembea. Na mteremko usisahau: sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Maji yaende mu kanivo ya avenue, si kwa jirani.

Sasa, mawe gani? Hapa tuseme wazi. Kuna watu wanaleta mawe ya mine nyumbani, ama ile skori nyeusi ya fonderi, juu ni ya bure. Ile skori ingali na kobalti, zinki na madini ya risasi ndani. Mu 2018, watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza walichopima Kasulo, kule Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti mpaka ndani ya malupango: vumbi ya nyumba ilikuwa na kobalti nyingi, na mikojo ya batoto ilikuwa nayo kupita ya wakubwa. Mtoto anacheza chini, anatia mkono kinywani. Baba tayari anarudisha vumbi na nguo ya kazi. Haifai tuitandike tena mlangoni. Nunua jiwe la karyere, la chokaa kama lile la Kakontwe, hata kama utafanya kipande kidogo mwaka huu.

Na wenye kukaa mu nyumba za kampuni: musitoe franga zenu haraka. Kode ya kazi ya 2002 inamudai mwajiri nyumba ama feza ya kupangia, na nyumba ambayo maji inaingia chumbani si nyumba. Delege wenu anaweza kuipeleka mezani, lakini akienda na maneno ya mdomo watamrudisha. Mumpatie juma hili namba ya nyumba, picha ya mahali maji inapita, na saini za avenue nzima.