Mwana wa njia yuko gerezani: vijana wetu wa vyuo na wageni kutoka Habeshi

Barabara inayoshuka kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa hadi hapa Dodoma, kisha ikaelekea Iringa, Mbeya na Tunduma, imekuwa neema kwa wakulima wa alizeti na mahindi tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018. Pamoja na magunia yao hupita pia, usiku na aghalabu chini ya turubai, vijana waliotoka kusini mwa Ethiopia, hasa sehemu za Hadiya na Kembata, wakaingia Kenya kwa mpaka wa Moyale, nao wanakusudia kufika Afrika Kusini. Wengi wao wana umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Baadhi hawafiki Tunduma. Hukamatwa njiani, hufikishwa mahakamani kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, kisha hufungwa.

Wasomaji wetu wa mkoa huu hawajasahau mwezi wa Shaaban 1433, yaani mwishoni mwa Juni 2012, ilipopatikana miili ya wahamiaji zaidi ya 40 katika wilaya ya Kongwa. Walikuwa wamefungiwa ndani ya lori na kufa kwa kukosa hewa. Makumi ya wenzao waliosalia hai walitelekezwa porini, wala hawakujua hata jina la nchi waliyomo. Tangu siku hizo suala la wageni hawa halijawa habari ya mbali kwetu. Ni habari ya jirani.

Katika miji mingi ya Ulaya ziko nyumba za kuwahifadhi wahamiaji, na wanafunzi huenda kujitolea humo: kufundisha lugha, kugawa chakula, kusaidia kujaza fomu. Kwetu nyumba ya namna hiyo kwa msafiri wa Kihabeshi haipo. Mkimbizi aliyetambuliwa kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 anayo kambi, kama ile ya Nyarugusu mkoani Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996. Mwathirika wa biashara ya binadamu analo kimbilio katika sheria ya mwaka 2008. Huyu aliyelipa madalali kwa hiari yake ili avushwe, hana kambi wala kimbilio. Malazi yake ni gereza, mpaka amalize kifungo na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, au serikali zenyewe, zipate njia ya kumrudisha kwao.

Ndiyo maana wanafunzi wa vyuo wanaoswali msikitini kwetu, walipotujia kutaka kazi ya kujitolea, tuliwaelekeza huko. Jambo hili halifanywi kwa siri. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inamtia hatiani anayemficha au kumsafirisha mtu aliyeingia bila kibali, nasi hatutaki kijana wa mtu aharibikiwe masomo kwa huruma isiyo na utaratibu. Kamati huandika barua kwa uongozi wa gereza, hutaja majina ya wanaokwenda na vitu wanavyopeleka, kisha husubiri jibu. Vitu vyenyewe ni vya kawaida: sabuni, dawa ya meno, kandambili, taulo za kike, mablanketi. Simu zote hubaki mlangoni. Sharti hilo la simu limetusaidia kuliko tulivyotarajia, maana waliokuja kwa ajili ya picha hawakurudi mara ya pili.

Waliobaki wamejifunza mambo ambayo hayamo katika mihadhara yao. Tatizo la kwanza ni lugha. Wageni hawa wengine huzungumza Kihadiya, wengine Kikembata, na wengi wanakijua Kiamhari. Kiswahili hawakijui, na Kiingereza chao ni kidogo. Mtu akiumwa, hushika tumbo na kunyamaza. Mwanafunzi mmoja aliandika katika karatasi maneno machache yanayohitajika kwa mgonjwa, Kiswahili upande mmoja na Kiamhari kwa herufi zetu upande wa pili. Waliosoma madrasa walishangaa: kichwa ni *ras*, nyumba ni *bet*, na salamu ni *selam*. Kiarabu cha chuoni, ambacho baadhi yao walidhani ni cha kuhifadhia tu, kikawa ufunguo wa kuulizia homa na kiu.

Kilichotushughulisha zaidi kamatini hakikuwa sabuni. Kilikuwa fedha. Kijana mmoja aliuliza baada ya darsa: je, hawa si wana wa njia, wale waliotajwa katika Suratut Tawba miongoni mwa mafungu manane ya zaka? Swali lilitukalisha jioni mbili. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamesema mwana wa njia ni msafiri muhitaji ambaye safari yake si ya maasia. Mmoja wetu akashikilia kwamba kuvuka mpaka bila kibali ni kuvunja sheria ya nchi, basi safari imeharibika. Mwingine akajibu kwamba aliyekwenda kutafuta riziki ya wazazi wake hakukusudia maasia, hata kama njia aliyoshika ina kosa. Juu ya hayo, wengi wa wageni hawa si Waislamu, na rai ya wanazuoni walio wengi ni kwamba zaka ya mali hutolewa kwa Waislamu.

Imamu alitutoa hapo kwa kutukumbusha mambo mawili. Aya ya Suratul Insani inayowasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa ilifasiriwa na baadhi ya wanazuoni wa mwanzo kwamba mfungwa wa zama hizo alikuwa mshirikina. Na sadaka, tofauti na zaka, mlango wake ni mpana, humfikia Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Tukaafikiana: zaka ibaki katika mafungu yake kwa uangalifu, na shughuli ya gerezani iendeshwe kwa sadaka.

Kisha akataja habari ya Najashi, ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, lakini hatukuwahi kuisikia kwa sikio hili. Mwaka wa 5 wa Utume, Maswahaba walioteswa Makka walihamia Habeshi. Makuraishi wakatuma wajumbe wenye zawadi ili wahamiaji warudishwe. Mfalme, aliyekuwa Mkristo, hakuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Jaafar bin Abi Talib akasema hoja yao na kumsomea mwanzo wa Suratu Maryam, na zawadi zikarudishwa kwa wenyewe. Katika nchi hii ya Ugogo, ambako misafara ya karne ya 19 ililipa *hongo* kwa watemi ili ipite na kunywa maji, na ambako neno hilo sasa lina maana tunayoijua sote, zawadi zile tunaelewa zilikuwa nini. Leo wageni wanatoka huko huko Habeshi.

Tuna neno pia juu ya lugha ya magazeti, likiwemo letu: “wahamiaji haramu”. Katika fiqhi uharamu ni sifa ya tendo au ya kitu, kama riba na nyama ya nguruwe. Kumwita binadamu haramu ni matumizi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha Kiislamu angesahihishwa. Aseme mtu “walioingia bila kibali”, maana itafika.

Wazazi nao wana hoja zao. Mama mmoja kutoka Singida alitupigia: “Katibu, mwanangu nimemleta Dodoma asome, sikumleta azoee geti la gereza.” Ana haki ya kuuliza. Tumemweleza kwamba ziara ni moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, na kwamba mabinti huenda upande wa wanawake wakiongozana na mama wawili wa msikiti. Mitihani inapokaribia hakuna anayekwenda. Alituuliza kama binti yake anakula vizuri, tukazungumza hilo kwa muda mrefu zaidi.

Hapo kwenye mitihani ndipo tulipokwama. Wanafunzi wanapokuwa katika mitihani, kisha likizo, ni Juni na Julai, miezi ya baridi kali na upepo wa Dodoma, blanketi linapohitajika kuliko wakati mwingine wowote. Barua ya ziara ya Julai imekwisha kuandikwa, ina nafasi ya majina 8, na hadi tunapokwenda mitamboni yameandikwa 3. Wazazi wanaotaka kuziba nafasi za watoto wao wamwone katibu baada ya swala ya Ijumaa, wakiwa na nakala ya kitambulisho cha taifa. Mablanketi yapokelewa upande wa wanawake.