Bei Nafuu Hupimwa kwa Kikapu Kizima

Familia ya Uingereza inayotaka kupunguza gharama za chakula ina sababu nzuri ya kuanzia Aldi au Lidl kabla ya supamaketi kubwa kama Tesco au Sainsbury's. Unafuu wa Aldi na Lidl, maduka yenye asili ya Ujerumani, hautokani na ubovu wa bidhaa bali na namna yanavyoendeshwa. Aldi, iliyoingia Uingereza mwaka 1990, huuza aina 2,000 hivi za bidhaa, ilhali supamaketi kubwa huweza kuwa na zaidi ya 20,000. Aina zikiwa chache, kila moja huagizwa kwa wingi, huwekwa rafuni ikiwa ndani ya boksi lake, na wafanyakazi wachache hutosha. Nyingi ni chapa za duka lenyewe, hivyo mnunuzi halipii matangazo ya kampuni maarufu.

Wapo wanaosema kadi za wateja, kama Clubcard ya Tesco, zimeziba pengo hilo la bei. Kweli, zimelipunguza. Lakini punguzo la kadi huhusu bidhaa zilizochaguliwa, nalo huweza kumshawishi mtu anunue asichohitaji. Hoja nzito zaidi ni umbali: nauli ikimeza akiba yote, duka la jirani ndilo rahisi. Kwa hiyo andika orodha, linganisha bei kwa kilo badala ya bei ya pakiti, nunua unga, mchele, maziwa na mboga kwenye duka la bei nafuu, kisha machache yaliyokosekana uyatafute kwingine. Kinacholinda bajeti ya nyumba ni jumla ya kikapu kizima, si punguzo la bidhaa moja.