Nyumba imepasuka, fundi amegoma: Nani atamweleza hakimu ukweli?

Familia nyingi hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, bati likisubiri mchezo wa upatu au mafao ya kustaafu. Ndiyo maana ufa unapotokea ukutani miezi michache baada ya kuhamia, kinachopasuka si plasta peke yake. Ni akiba ya miaka kumi, na mara nyingi ni amani ya ndani ya nyumba pia.

Baba anasema fundi amewaibia. Fundi anasema mlinunua mchanga mbaya. Jirani anasema ni udongo. Kila mmoja ana uhakika, na hakuna aliyepima kitu.

Mgogoro wa namna hii ukifika mahakamani, hakimu hujikuta mahali pagumu. Yeye amesomea sheria, hajasomea zege. Hapo ndipo anapohitajika shahidi mtaalamu.

Shahidi wa kawaida na shahidi mtaalamu

Shahidi wa kawaida hueleza alichokiona au kukisikia. Mama aliyekuwa akipeleka chai saiti anaweza kusema, "Nguzo hii iliwekwa nondo nne, na zege lilichanganywa kwa koleo." Huo ni ushahidi mzuri. Lakini akiongeza, "Ndiyo maana nyumba imepasuka," hayo ni maoni, na maoni yake kuhusu uimara wa nguzo hayana uzito.

Shahidi mtaalamu ndiye anayeruhusiwa kutoa maoni, kwa sababu ya elimu au uzoefu wake. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaitambua nafasi hiyo, na ya Kenya vilevile. Katika ujenzi, mtaalamu huyo mara nyingi ni mhandisi, mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi. Mhandisi hueleza kwa nini jengo limeharibika. Mkadiriaji hueleza kulitengeneza kutagharimu kiasi gani. Familia nyingi humtafuta wa kwanza na kumsahau wa pili, kisha hushinda hoja na kukosa fidia ya maana kwa sababu hasara haikuthibitishwa.

Kosa ni la nani?

Kwetu mwenye nyumba ndiye hununua saruji, kokoto na nondo, na fundi hulipwa ufundi tu. Mara nyingi hakuna mchoro wa mhandisi. Kwa hiyo swali la kwanza atakalojiuliza mtaalamu makini si "Je, kuna ufa?" bali "Umetokana na nini?"

Majibu yako mengi. Msingi unaweza kuwa umekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Zege linaweza kuwa lilizidishiwa maji ili lichanganyike kirahisi, au halikumwagiliwa maji ya kutosha baada ya kumwagwa. Mchanga wa baharini wenye chumvi huozesha nondo kwa kutu, na kutu hiyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Shimo la maji taka linalovuja karibu na msingi nalo hufanya kazi yake kimyakimya. Na kuna nyufa nyembamba za plasta ambazo hazina madhara yoyote.

Mengine katika haya ni kosa la fundi, mengine ni ya aliyenunua vifaa, mengine ni ya kujenga bila kupima udongo. Mzazi ajiandae: ripoti ya kweli inaweza kumgusa na yeye pia. Ni afadhali ayajue hayo kabla ya kulipia kesi.

Ripoti nzuri inakuwaje

Ripoti isiyozidi "nimeona nyufa, kazi ni mbovu" haisaidii. Ripoti yenye uzito hueleza mtaalamu ni nani na amesajiliwa wapi, aliulizwa maswali gani, alifika lini na nani alikuwepo. Hutenganisha alichokiona kwa macho, alichokipima na alichoambiwa na mwenye nyumba. Huonyesha upana wa kila ufa kwa milimita, mahali ulipo na picha yake.

Kisha huja vipimo. Ipo nyundo maalumu ya kugonga zege ili kukadiria ugumu wake, na kipo kifaa cha kutafuta nondo bila kubomoa. Pakihitajika uhakika zaidi, hukatwa kipande cha zege na kupelekwa maabara kupondwa kwa mashine. Mwisho, mtaalamu hutoa maoni na sababu zake, na kusema wazi ni wapi hakuweza kukagua.

Si wakili wako

Wazazi wengi hudhani wakimlipa mtaalamu, atasema wanachotaka. Hapana. Mwaka 1993, katika kesi ya meli iitwayo Ikarian Reefer, jaji mmoja jijini London aliorodhesha wajibu wa shahidi mtaalamu, na kanuni hizo zimefuatwa katika nchi nyingi zenye mfumo wa sheria wa Kiingereza. Msingi wake ni huu: mtaalamu anaisaidia mahakama, hampiganii aliyemlipa. Asifiche jambo linalopingana na maoni yake, na akibadili mawazo aseme.

Kwa sababu hiyo, usimwahidi asilimia ya fidia. Upande wa pili ukigundua, ushahidi wake utaporomoka kabla ya ukuta wako. Shemeji yako mhandisi naye anaweza kukushauri jioni mkiwa barazani, lakini kizimbani undugu huo utaulizwa.

Kumbuka pia kwamba hakimu hafungwi na ripoti. Mtaalamu ataulizwa maswali ya dodoso, na mahakama itapima maoni yake pamoja na ushahidi mwingine wote. Ndiyo maana risiti za vifaa, makubaliano ya maandishi, jumbe za simu na picha za kila hatua ya ujenzi ni mali. Mtaalamu akija nyumba ikiwa imepakwa rangi, picha ya nondo kabla ya zege kumwagwa humsaidia kuliko maneno mengi.

Hatua za kuchukua

Usalama kwanza. Ufa unaopanuka haraka, nguzo inayomeguka au milango inayoanza kukwama ghafla si mambo ya kusubiri tarehe ya kesi. Watoto watoke kwanza. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30.

Kama hakuna hatari ya haraka, chora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Rudia kila wiki. Usizibe wala kupaka rangi kabla haujakaguliwa, maana utakuwa umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Mwandikie fundi au mkandarasi kumjulisha kasoro, umpe nafasi ya kuja kuona, na umwalike siku ya ukaguzi. Asipokuja, barua itakusemea.

Hakikisha mtaalamu amesajiliwa: wahandisi kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wabunifu na wakadiriaji kwenye bodi yao. Kwa Kenya, bodi za namna hiyo zipo pia.

Piga hesabu. Ikiwa marekebisho yanagharimu kidogo kuliko ripoti na wakili, kaeni chini myamalize. Mnaweza kukubaliana na fundi mtaalamu mmoja, mkamlipa kwa pamoja na kuheshimu atakachosema. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, nalo linahusika na usuluhishi wa migogoro ya ujenzi.

Na usilale. Kwa Tanzania, madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6. Ya madhara yasiyotokana na mkataba, miaka 3.

Kwa wanaojenga sasa, kumlipa mhandisi aje mara tatu, yaani kwenye msingi, kwenye linta na kabla ya zege la juu, ni nafuu kuliko kumwita baadaye aeleze kwa hakimu kwa nini nyumba imepasuka.