Mteja analipia rangi, fundi ananunua bati: hesabu ngumu ya fundi bodi wa uani

Kati ya Muhutwe na Muleba, mkoani Kagera, gari la zamani lililoliwa na kutu halipelekwi kwa fundi bodi. Fundi bodi ndiye anayeitwa. Anafika kwa bodaboda, mashine ya kuchomelea imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, grenda na nyundo zimo kwenye mfuko wa salfeti, na kazi inafanyikia uani chini ya turubai mpaka iishe, au mpaka fedha za mwenye gari ziishe, jambo ambalo ndilo hutangulia mara nyingi. Hakuna kibao wala uzio. Kwa lugha ya halmashauri, hiyo ni gereji bubu. Kwa mwenye Peugeot 504 ya marehemu baba yake, au Land Rover ya miaka ya sabini inayobeba ndizi na kahawa, ndiyo gereji pekee anayoiamini.

Kutoamini ndiko kulikoizaa biashara hii. Kazi ya bodi ni ya wiki kadhaa, na gari likilala mwezi mzima kwenye gereji ya mjini, mwenyewe hana hakika kwamba betri na jenereta alizoziacha ndizo atakazozikuta. Uani kwake analiona kila asubuhi. Tena analipa kwa vipande: msimu huu fenda, msimu ujao sakafu, milango ikibidi isubiri Desemba, watoto walioko Dar es Salaam watakaporudi nyumbani na kuchangishana.

Kuna kodi pia. Anayetaka kuachana na kutu anunue gari jingine kutoka Japani anakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na juu yake ushuru wa ziada kwa gari dogo lililozidi miaka minane. Wakubwa hueleza kwamba ushuru huo wa umri unalinda mazingira na kuzuia nchi kuwa jalala. Huenda. Kinachoonekana huku ni kwamba gari la namba A linaongezewa maisha kwa kiraka, halafu kiraka kinawekewa kiraka.

Kutu ya huku si ya pwani. Ziwa Viktoria halina chumvi, na wageni wengi hudhani basi bati litadumu. Lakini Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na barabara nyingi zinazoingia vijijini bado ni za udongo mwekundu. Lami kuu ilishafika, ule mradi wa kilomita 154 wa Kagoma, Biharamulo hadi Lusahunga ukianzia hapa hapa, lakini kutoka lami hadi kwenye kibanja ni tope. Tope hilo linajaa ndani ya vizingiti vya milango na kuziba vitobo vidogo vya kutolea maji. Kuanzia hapo bati linaoza kutokea ndani. Siku rangi inapovimba kwa nje kama lengelenge, upande wa ndani umebaki unga.

Land Rover ina ugonjwa wake peke yake. Mabati yake mengi ya nje ni alumini, hayashiki kutu nyekundu, na wenye nazo hujisifu kwa hilo. Chasisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma, na pale alumini inapokutana na chuma kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe kuzunguka kila boliti. Mafundi wanasimulia, na sina sababu ya kuwabishia, juu ya mnunuzi mjanja aliyekuja na sumaku ya spika ya redio kutafuta puti ya kuzibia matundu iliyofichwa chini ya rangi. Sumaku haikunata popote. Akaondoka akisema gari lote ni puti.

Sumaku yenyewe, hata hivyo, ni kipimo kizuri kwa Peugeot na Hiace. Unaizungushia kitambaa isikwaruze rangi, unaipitisha chini ya mlango na kando ya tairi. Ikishika ni bati. Ikiteleza, umelipia puti.

Hapo ndipo penye kilio cha fundi mmoja wa Kagoma, ambaye hataki jina lake liandikwe kwa kuwa wateja wake ndio majirani zake. Anasema kila mteja huuliza bei mbili, hata asipotamka hivyo: bei ya kudumu na bei ya kung'aa. Kazi ya kudumu ni kukata kutu yote mpaka ufikie chuma kizima, kupima, kukunja bati jipya kwa mkono, kulishika kwa vidoti vya kuchomelea huku ukihama upande huu na ule lisijikunje kwa joto, kusaga, kupaka redi oksaidi, puti nyembamba, praima, ndipo rangi. Kazi ya kung'aa ni kukwangua juu juu, kusokomeza wavu wa chuma au gazeti ndani ya tundu, kujaza puti, kupiga msasa na rangi. Siku ya kukabidhi gari, zote mbili zinafanana. Anasema mwenyewe hawezi kuzitofautisha kwa macho akisimama hatua tatu.

Tofauti inakuja baada ya masika mawili. Puti hunywa maji, kutu inaendelea kula chini yake, kipande kizima kinadondoka barabarani. Mteja aliyemkataa kwa sababu ya bei anampigia sasa, tundu limekuwa mara mbili, na anataka litengenezwe kwa bei ile ile aliyompa yule fundi wa puti, akieleza kwamba fedha zilishaliwa. Wa puti naye yuko Muleba mjini, ana kazi nyingi. Fundi wetu anakiri kwamba ada za shule zikikaribia, yeye pia hujaza puti. Ila anadai humwambia mteja ukweli. Wateja wawili niliozungumza nao hawakukumbuka kuambiwa chochote.

Lawama si ya wateja peke yao. Bati la bodi linatakiwa la milimita moja hivi, yaani kama geji 20. Duka la vifaa vya ujenzi la jirani lina geji 28 na 30 za kuezekea, na fundi aliyebanwa hukata hiyo. Ni nyembamba mno, mashine ya umeme inaitoboa kabla haijashika, na zinki iliyopakwa juu yake ikiungua hutoa moshi unaomlaza mtu na homa usiku kucha. Wazoefu hukimbilia pipa la mafuta la lita 200, ambalo chuma chake kinafaa, wakilipasua na kuliponda likanyooka. Wengine wanaagiza bati, rangi na thina Kampala kupitia mpaka wa Mutukula. Bei hapo hufuata shilingi mbili, ya huku na ya kule, na fundi aliyekadiria kazi Jumatatu anaweza kununua bati Ijumaa kwa hasara.

Umeme nao. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imetegemea umeme unaonunuliwa Uganda na kupokelewa Kyaka, na fundi wa uani anajua saa ambazo mashine hushindwa kuwasha kijiti. Akichelewa hadi jioni anarudi kwenye gesi ya kabaiti, ambayo joto lake husambaa na kuukunja mlango mzima.

Ofisa mmoja anayeshughulikia biashara ndogo, naye akiomba asitajwe, anaona tiba ipo tayari. Namba yake ni kumi, na aliirudia karibu katika kila jibu: asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mafundi wajiunge, wasajiliwe, wapate mashine za kisasa za CO2 ambazo hazitoboi bati, watoke uani.

Namba hiyo ni ya kweli, imo kwenye sheria. Ni kweli pia kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, jambo ambalo ofisa hakulitaja mpaka alipokumbushwa. Nilipouliza ni mafundi bodi wangapi wamewahi kuipata, tulirudi kwenye kumi. Mikopo huenda kwa vikundi, na biashara hii ni ya mtu mmoja na kijana wake wa kushika tochi. Fundi wa Kagoma anasema mafundi watano wakimiliki mashine moja, kila mmoja atakuwa na mteja wa haraka siku ile ile. Anacho kitambulisho cha mjasiriamali mdogo cha shilingi 20,000, cha aina iliyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Kilimpunguzia bughudha, anasema. Mteja hakumletea.

Huko mbele hakujakaa vizuri kwa upande mmoja wala mwingine. Mwaka 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani kwenye soko la London, na viongozi husema fedha za kahawa zinashuka hadi kwa fundi. Zinashuka, lakini baada ya ada, mabati ya nyumba na harusi. Wakati huo huo wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita vijijini wakilipa kwa kilo, taslimu, na kila Peugeot inayopanda mizani yao ni kazi iliyopotea pamoja na milango ambayo ingetumika kama spea.

Kinachoweza kuiokoa biashara ni Noah na Corolla za miaka ya tisini, ambazo sasa zimeanza kuvimba rangi chini ya milango. Ila hizo hazina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Kizingiti ndicho mfupa wa gari, na puti mahali hapo si suala la urembo tena. Askari wa barabarani hukagua taa, tairi na stika. Hakuna anayegonga kizingiti.

Fundi wa Kagoma hasemi kama atasubiri zamu ya Noah. Kahawa ikishuka bei, anasema, atarudi kwenye mageti na madirisha ya chuma, ambako mteja walau hupima unene wa chuma kabla ya kulipa.