Ndege ya warukaji: Gharama haziishii kwenye bei

ANAYETAKA kuanzisha biashara ya kurusha watu kwa miavuli huuliza kwanza bei ya ndege, ilhali angepaswa kujiuliza ni viti vingapi atakavyoweza kuvijaza.

Cessna 182, ya injini moja ya pistoni, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, hubeba warukaji wanne na kufika futi 10,000 kwa dakika 20 hadi 30. Twin Otter, yenye injini mbili za turbini, hubeba zaidi ya 20 na kufika futi 13,000 kwa takriban dakika 15. Hata hivyo, ikipaa na watu wanane mafuta hayapungui sana, na viti vitupu hulipiwa na mmiliki. Kituo kichanga ni heri kianze na Cessna.

Ndege kuukuu si mbaya kwa umri wake, bali kwa historia iliyofichika. Juni 21, 2019, King Air iliyotengenezwa mwaka 1967 ilianguka Hawaii, Marekani, na kuua wote 11 waliokuwamo. Wachunguzi walilaumu jinsi rubani alivyoipaisha, wakitaja pia uzito ulioelemea nyuma na bawa la kushoto lililopotoka bila kurekebishwa. Mnunuzi makini humtuma fundi wake mwenyewe akague mabawa na kumbukumbu za matengenezo kabla ya kutoa malipo ya awali.