Kanyangi: Njaa Zina Majina, Mbona Upepo Hauna?

Mgeni anayefika Kanyangi, Kaunti ya Kitui, katika mwezi wa Septemba, hulakiwa kwanza na vumbi. Huo ndio mwisho wa kiangazi kirefu, ambacho Wakamba hukiita thano. Miti imepukutisha majani na ardhi imekauka kama kigae. Jua likiwa utosini, ghafla vumbi huinuka, huzunguka kama pia, hubeba majani makavu na makapi, hukatiza shambani, kisha hutoweka. Hicho ndicho kisulisuli, ambacho wengine hukiita chamchela.

Sehemu nyingi za nchi yetu watoto huambiwa wakikimbie, kwa kuwa ndani yake mna shetani anayepita na shughuli zake. Mimi simcheki mtu anayeamini hivyo. Ukitazama vumbi lile linavyopinda njia na kukwepa mti, utadhani kweli lina macho.

Hata hivyo, ndugu msomaji, chanzo chake si kigumu kueleza. Jua huichoma ardhi tupu, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kupanda juu kwa haraka, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza pengo huku ikizunguka. Kisulisuli huanzia chini kikapanda, tena mbingu ikiwa nyeupe bila wingu. Kwa kawaida hakidumu ila dakika chache.

Kimbunga kile cha kutisha, ambacho Marekani hukijua mno, ni kitu kingine kabisa. Hicho huzaliwa katika wingu zito la radi, na huteremka hadi ardhini kama mkonga wa ndovu. Tarehe 18 Machi 1925 kimbunga kimoja cha namna hiyo kilipita katika majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana, na kuua watu 695. Hata Afrika kimewahi kuonekana. Mwezi wa Desemba 1998 kimoja kiliupiga mji wa Umtata, Afrika Kusini, wakati Rais Nelson Mandela akiwa ndani ya duka la dawa. Walinzi wake walimkinga, akatoka salama.

Nawataja Wamarekani kwa sababu moja. Tangu mwaka 1950 wao wana daftari la kila kimbunga kilichojulikana: siku, mahali, waliokufa na mali iliyoharibika. Mkulima wa kaunti yoyote ya mashambani huko anaweza kuuliza historia ya upepo wa kwao akajibiwa.

Je, Kanyangi daftari liko wapi?

DAFTARI LA WAZEE

Daftari lipo, lakini haliko katika karatasi. Limo vichwani mwa wazee. Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alieleza katika maandishi yake kwamba wazee wetu hawakuhesabu wakati kwa tarakimu, bali kwa matukio. Mwaka haukuwa nambari. Ulikuwa jambo lililotendeka.

Na jambo kubwa Ukambani lilikuwa njaa, au yua kwa lugha ya wenyewe. Kila njaa kuu ilipewa jina. Iliyo maarufu kuliko zote ni Ngomanisye, ya miaka ya 1897 hadi 1900, yaani ile iliyoenea kila mahali. Mvua zilikosekana, ndui ikaingia, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kufyekwa na sotoka. Wakati uo huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa kuelekea Nairobi. Wengi waliyahama makwao kutafuta chakula, na wengi hawakurudi.

Mwaka 1961 ikaja Ndeke, maana yake ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Na mwaka huo huo haukwisha kabla mvua kubwa haijanyesha na kuleta mafuriko. Mwaka 1984 ikaja Nikw'a Ngwete, yaani "nakufa huku nimeshika". Kushika nini? Fedha! Mtu alikuwa na noti mkononi, lakini dukani hamna unga. Ndio wakati wa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo waliokula hawajayasahau hadi leo.

Tazama jinsi jina moja lilivyobeba habari. Ndeke inakueleza msaada ulifikaje. Nikw'a Ngwete inakueleza kwamba taabu ilikuwa uhaba wa chakula sokoni, wala si umaskini peke yake. Mtaalamu angehitaji kurasa kumi kuyasema hayo. Mama akisema mwanawe wa kwanza alizaliwa wakati wa Ndeke, umekwisha kuujua umri wa mtoto. Hata makarani wa kuhesabu watu walitumia matukio ya namna hii kukisia umri wa wasiokuwa na cheti.

KWA NINI UPEPO UKASAHAULIWA

Basi mbona katika majina hayo yanayovuma hatusikii mwaka wa upepo? Jibu langu ni hili: njaa humpiga kila mtu, upepo humpiga mmoja. Zamani nyumba ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Upepo ukiing'oa paa, nyasi zilikuwa porini, na majirani walikuja kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, wakaiezeka upya. Hasara ilikwisha kabla haijapata jina.

Pale upepo ulipowapiga wote, ulikumbukwa. Tufani iliyoikumba Unguja mwezi wa Aprili 1872 iliangusha mikarafuu shamba kwa shamba na kuvunja majahazi bandarini. Pemba ilinusurika, na baadaye ndiyo iliyokuja kuwa kisiwa kikuu cha karafuu. Upepo wa siku moja ukageuza uchumi wa visiwa viwili, nao umeandikwa katika historia.

Leo mambo yamebadilika Kanyangi. Nyumba ni za mabati, shule ni za mabati, na bati halioti porini. Mvua za vuli zinapokaribia, wingu la radi hushusha hewa baridi kwa kishindo, nayo hutambaa chini ikitangulia matone ya mvua. Watu husema ni kimbunga, ingawa mara nyingi ni upepo wa kwenda moja kwa moja, usiozunguka. Ukiingia chini ya ukingo wa paa lisilofungwa barabara, hulinyanyua lote. Mzazi aliyelipia bati hizo kwa kuuza mbuzi hana mbuzi wala paa, na watoto husomea chini ya mti.

Habari hiyo husemwa siku mbili, tatu, kisha hunyamaza. Anayejenga darasa jipya hajui upepo wa pale huvuma kutoka wapi, wala umekwisha kung'oa mapaa mangapi. Hujenga vile vile, na hung'olewa vile vile.

Naona dawa yake si ghali. Kila shule iwe na daftari moja. Upepo ukiharibu, mwalimu na wanafunzi waandike tarehe, saa, upepo ulitoka upande gani, kulikuwa na wingu au jua, na mapaa mangapi yameharibika. Nakala ipelekwe kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti. Na katika daftari hilo hilo vijana waandike majina ya njaa kama wanavyoyasikia kwa babu na nyanya zao, pamoja na maana zake, kwa kuwa wanaoyajua wanazidi kupungua kila mwaka.

Wazee wetu walifanya sehemu yao bila kalamu. Sisi tuliokwenda shule tuna udhuru gani? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu nayo ni mali.